Picha Zilizokuwa Kwenye D

Wiki chache zilizopita nilifungua boksi la kompyuta ya zamani pale kazini kwangu Mikumi, nikalipuliza. Vumbi likapanda, na mashine ilipowashwa lile lililobaki ndani likapata moto na kutoa harufu ambayo mliokulia kwenye stesheneri, wenzangu wa umri huu, mtaikumbuka: vumbi lililokauka, wino wa printa, plastiki iliyochoka. Kijana tunayefanya naye kazi alikuwa anaihamisha kutoka mfumo wa Windows kwenda wa Linux, akaniomba nikae pembeni kwa kuwa ni mara yake ya kwanza. Alipofika kwenye ukurasa unaouliza kama diski yote ifutwe, kidole kikiwa tayari juu ya kipanya, nilimshika mkono. Nilimshika kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu. Nikamwomba radhi, nikatoka nje nikasimama kando ya barabara, malori ya Iringa yakinipita, mpaka nilipotulia.

Habari hii nimewahi kumsimulia mume wangu tu, na hata yeye nilimkatia katikati. Leo nitaifikisha mwisho.

Mama yangu alikuwa na stesheneri Mabwerebwere, pale Kilosa. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga, chenye kompyuta moja, printa moja, mashine ya kopi iliyopenda kutafuna karatasi, na kitambaa cha bluu kilichopigiliwa misumari ukutani. Watu walikuja kuchapisha barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na kadi za michango ya harusi, lakini kazi iliyotulisha ilikuwa picha za paspoti. Mteja alikaa kwenye stuli mbele ya kitambaa, akapigwa kwa kamera ndogo, na picha ikaingia kwenye kompyuta. Nilipofika darasa la sita nilikuwa najua kupiga, kukata na kuchapisha, na Mama aliniachia kamera bila wasiwasi. Nilijiona mtu mzima. Wenzangu waliokuwa wanacheza rede uwanjani niliwaona watoto.

Picha hizo Mama hakuwahi kuzifuta. Alizipa majina ambayo watu huitwa mtaani: Mwajuma wa maandazi, Mzee Daudi wa relini, Mama Neema wa kwaya. "Jina la kwenye cheti nani analikumbuka?" alisema. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunamtunza mtu aliyekwisha kuchukua picha zake akaondoka. Akanijibu bila kuacha kuchapa, "Atarudi. Asiporudi yeye, watakuja kwa ajili yake." Nilidhani anazungumzia polisi. Kwa muda mrefu nilimtazama kila aliyekaa kwenye ile stuli nikijiuliza amefanya nini.

Nilielewa polepole. Walikuja watu wawili watatu, asubuhi mapema, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanaongea chinichini, na Mama alisimama kabla hawajasema shida yao. Walitaka picha ya fulani, kubwa, ya kuwekwa kwenye fremu na kutangulia mbele ya jeneza, na nyingine ndogo ya kukaa juu ya karatasi ya historia fupi ya marehemu. Wengi wao, hasa walioshuka kutoka milimani, hawakuwa na picha nyingine. Simu zao zilikuwa vitochi, zisizo na kamera. Albamu zilikuwepo zamani, lakini mto Mkondoa ulipofurika na kuingia majumbani ulichukua masanduku na vilivyomo. Kwa hiyo picha ya dakika mbili, aliyopigwa mtu akiwa na haraka ya kurudi shambani, ndiyo iliyokuja kuwa sura yake ya mwisho kwa watu wake. Zote zilikuwa mle, kwenye folda moja, na Mama ndiye aliyezitunza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Flashi ya mteja ikichomekwa, folda zake ziligeuka vitu visivyofunguka. Walimu wakaanza kupeleka mitihani duka jingine, na shuleni waliniambia, "Stesheneri ya mama yako ina virusi," kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu nyumbani kwenu kuna upele. Fundi wetu alikuwa Mikumi, akiitwa Salumu, na kila baada ya miezi kadhaa alipanda basi kuja kutupigia Windows upya. Ndivyo tulivyosema, kupiga Windows. Nilisimama nyuma ya bega lake nikijifunza kwa macho. Alikuwa na kanuni mbili ambazo hakuchoka kuzirudia. Ya kwanza: usisome, bonyeza Next mpaka mwisho. Ya pili: vitu vyako weka D. Mashine yetu ilikuwa na sehemu mbili, C na D. "C ni ya mashine, D ni ya kwako," alisema. "C ikifa tunaizika, D inabaki." Na kweli, kila alipomaliza tulifungua D tukamkuta kila mtu yupo, Mwajuma, Mzee Daudi na wenzao wote.

Kichwani mwangu C ilikuwa sebule na D ilikuwa chumbani. Mgeni hukaribishwa sebuleni, atakaa, atakula, hata kusogeza viti atasogeza, lakini haingii chumbani kwa watu. Sikujua kuwa D ilikuwa mstari tu, fundi ameuchora juu ya diski moja ili kutusaidia, na kwamba asiyeambiwa habari ya mstari huo atapita juu yake bila kuuona.

Mgeni aliletwa na Mjomba Elia, mdogo wake Mama, aliyekuwa anasoma chuo Morogoro. Likizo ya mwezi wa sita, nikiwa darasa la saba, alikuja na flashi yenye mfumo mwingine unaoitwa Linux. Aliuwasha kutoka kwenye flashi hiyo hiyo, bila kugusa kilichokuwemo kwenye mashine, na kioo chetu kikavuka kutoka ubluu uliochoka kwenda rangi ya zambarau. Alichomeka flashi moja iliyojaa virusi na hakuna kilichotokea.

"Huu virusi vya humu mjini hauvijui, Dada," alimwambia Mama. "Jumamosi nitakuja nikuwekee kabisa."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe angalia tu. Usiguse."

Mtoto aliyezoea kusifiwa humwambii neno kama hilo ukamwacha na flashi. Jumatano Mama alikwenda Kimamba kumwona dada yake aliyejifungua, akaniachia duka, na nikaamua kwamba jioni akirudi atakuta kazi imekwisha.

Nilianza na jambo ambalo nilijua Fundi Salumu angenisifia. Picha mpya ambazo zilikuwa bado kwenye C nilizihamishia D, folda kwa folda, nikihakikisha hakuna aliyebaki nje. Ndipo nikachomeka flashi, nikawasha, nikaanza kubonyeza. Lugha, mbele. Kibodi, mbele. Ukaja ule ukurasa wa diski, na chaguo la kwanza lilikuwa tayari limetiwa nukta: futa diski, weka Linux. Nilijua maana ya kufuta, Kiingereza changu kilifika hapo. Lakini hata fundi alifuta kila alipokuja, na D ilibaki. Nikabonyeza. Kazi ilichukua muda wa kuivisha maharage, nami nikafagia duka na kupanga karatasi huku nikiimba.

Mashine ilipowaka nilitafuta D. Hapakuwa na C wala D. Palikuwa na folda chache ngeni, moja imeandikwa Picha, nikaikimbilia. Ilikuwa tupu. Nikajiambia chumbani pamefungwa, ufunguo upo mahali.

Kwanza nilitaka printa ifanye kazi. Niliingiza CD yake, ile tuliyoizoea, nikabonyeza mara mbili kama siku zote, na mfumo ukasema faili hilo haulitambui. Nikajaribu programu nyingine tulizokuwa nazo kwenye CD, zote zikakataliwa. Nilihisi mkono wangu umesahau njia ya kwenda mdomoni. Nikampigia Mjomba. Alinigombeza kwanza, halafu akacheka.

"Huku hatuokoti programu kwenye CD," alisema. "Kuna ghala moja, unaagiza kwa jina, unaletewa. Chomeka modemu. Haya, fungua lile dirisha jeusi, uandike ninavyokutajia, herufi kwa herufi."

Niliandika. Dirisha likaniuliza neno la siri, nikabonyeza herufi na hakuna kilichoonekana, hata nukta.

"Mjomba, kibodi imekufa."

"Haijafa. Andika tu, inakusikia."

Nikaandika gizani, na kweli ilinisikia. Maandishi yakaanza kuporomoka kwenye kioo, printa ikajulikana, karatasi ya majaribio ikatoka. Swali la D lilikuwa mdomoni. Nililimeza. Nilikuwa nimekwisha kujua jibu, nadhani, na kwa mtoto jibu ambalo halijasemwa bado halijawa kweli.

Mama alirudi jioni, akakuta mashine inawaka upesi, flashi hazigeuki, barua zinachapishwa. Sikumbuki kumwona amefurahi hivyo tangu niwe na akili. Aliwaita majirani waje waone. Kwa wiki nzima alimwambia kila mteja, "Kazi ya mwanangu hiyo," na walimu wakaanza kurudi na mitihani yao. Jumamosi Mjomba alipokuja, kitu cha kwanza alichoniuliza kilikuwa, "Picha za dada ulizihamishia kwenye flashi kabla ya kufuta?"

"Ndiyo," nikasema.

Aliniamini, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuaminika. Wateja wapya wakajaza folda mpya, na wa zamani hawakuulizwa na mtu. Kila usiku kabla ya kulala niliomba asife mtu Mabwerebwere. Haikuwa kwa kuwapenda watu. Niliomba kwa ajili yangu, na hilo linaniuma kuliandika.

Wakati huo lile ghala la programu lilikuwa limenilevya. Niliagiza kalamu za kuchorea, ramani za nyota, na zaidi ya yote magemu. Watoto wa mtaa walijaa dukani Jumamosi mchana, Mama akivumilia kwa kuwa alikuwa bado na furaha yake. Mara nyingi aliyetangulia kufika alikuwa Debora. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Wazazi wake walishuka kutoka milimani wakapata kiwanja jirani na kwetu, watu wa kanisa, wakimya, na Debora alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Siku maumivu ya mifupa yalipomshika hakuja shule, na yalipomwachia alikuja akicheka, akitaka aambiwe yote yaliyompita. Alipenda gemu la ndege asiyeruka anayeteleza kwenye mlima wa barafu. Barafu tuliyoijua sisi ni ile ya kwenye mfuko wa nailoni, lakini Debora alimtelezesha ndege wake mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Kila aliloomba niliweke, niliweka. Niliongeza na nyimbo, mamia, kutoka kwenye flashi za watu.

Alilazwa muhula ulipokuwa katikati. Siku ya sita alfajiri tulisikia kilio upande wa kwao, na Mama akafunga khanga akatoka. Nilibaki nimekaa kitandani. Nilikuwa nimempoteza rafiki yangu, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa yeye. Ilikuwa picha. Nilimpiga mimi mwenyewe, mwanzo wa mwaka, kwa ajili ya fomu za mtihani. Zile nne zilizochapishwa zilikwenda na fomu mkoani. Nyingine ilikuwa D.

Kulipopambazuka alikuja shangazi yake, Shangazi Yunia, pamoja na Mama. Alikaa kwenye stuli ile ile ya wateja.

"Tunamsubiri kaka yake baba kutoka Iringa," alisema. "Tunazika kesho mchana. Mama yake hana picha yoyote. Za utotoni zilikwenda na maji."

"Ipo," Mama akasema. "Huyu mwanangu ndiye aliyempiga."

Akakaa kwenye kompyuta. Alifungua folda moja, akafungua nyingine, akarudi nyuma. Nilisimama mlangoni nikiutazama mgongo wake. Alipogeuka aliuliza taratibu, "D iko wapi?"

"Hakuna D," nikasema. "Ilifutika siku ile."

Nilikuwa tayari kwa kofi, nililingoja kama haki yangu. Mama alinitazama tu, kisha akamgeukia Shangazi Yunia. "Mashine imeharibika kidogo. Naipeleka Mikumi sasa hivi. Kesho kabla ya ibada mtakuwa nayo." Nilijua kwamba Mama hajawahi kudanganya mfiwa, na kwamba uongo ule ulikuwa wangu, ameubeba yeye.

Tukapanda basi na lile boksi mapajani mwa Mama, limefungwa kwenye shuka. Njiani mnapita kijiji kinachoitwa Ulaya, na mtoto wa Kilosa haachi kutamba kwamba amefika Ulaya bila pasi ya kusafiria. Siku hiyo tulipita Ulaya kimya. Tulipokiacha kijiji, Mama akasema, "Ulijua tangu siku ile ile."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini hukuniambia? Uliniogopa?"

"Ulikuwa umefurahi."

Akageuka dirishani. Mara moja aliinua upindo wa khanga akajifuta uso, nami nikajifanya naangalia upande mwingine.

Fundi Salumu alikuwa na kibanda karibu na stendi, kimejaa maboksi yaliyo wazi matumbo. Alitukaribisha kwa utani wake wa kawaida, nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, fundi mwenzangu." Mama akamweleza. Utani ukaisha.

"Ulifuta lini?" akaniuliza.

"Likizo ya mwezi wa sita."

"Na tangu hapo mnaitumia?"

"Kila siku."

Aliiweka bisibisi mezani. "Sikiliza. Ukifuta diski, picha haziondoki siku hiyo. Kinachoondoka ni orodha yake. Ni shamba ambalo mwenyewe kahama: mahindi yamo, ila hakuna anayejua ni ya nani. Ungeizima ukaniletea siku ile, ningekuvunia karibu yote. Lakini mmelima juu yake. Umeweka nini humo tangu siku hiyo?"

"Magemu," nikasema. "Na nyimbo."

Hakunigombeza. Alitikisa kichwa, akaitoa diski, akaiunga kwenye mashine yake. Wakati ule, nimesimama kwenye kibanda kile, ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kufuta kulikuwa kosa la mtoto asiyejua. Kunyamaza kulikuwa kwangu, na kila Jumamosi niliyonyamaza ilikuwa imekula nyuso za watu. Na Debora alikaa pale, mkono juu ya kibodi yangu, akiniomba niongeze jingine.

Picha zilianza kutokea adhuhuri. Hazikuwa na majina, namba tu, na nyingi zilikuwa zimekatika: juu mtu, chini rangi ya kijivu. Mama alivuta kiti akawa anawataja. Mwajuma, mzima. Mzee Daudi, paji la uso tu. Mama Neema hakuonekana kabisa. Wengine alinyamaza mbele yao, kwa kuwa walikwisha kufa na sasa walikuwa wanakufa tena. Mimi nilitafuta kitambaa cha bluu na kola nyeupe ya shule. Jua lilikuwa limeinama nilipomwona. Kichwa chake kilichonyolewa, paji la uso, nyusi, macho yote mawili, na mwanzo wa pua. Chini ya hapo palikuwa kijivu mpaka ukingoni.

Fundi alijaribu kwa programu nyingine, na nyingine tena. Macho yalirudi yale yale na kijivu kile kile. "Ndiyo iliyobaki," alisema. "Niikate hapa, kijivu kisionekane?"

"Ukikata atabaki macho tu, kama mtu anayechungulia," Mama akajibu. "Mwache hivyo hivyo. Chapisha kubwa."

Kesho yake asubuhi tulikwenda msibani. Mama aliishika fremu kifuani, imegeuziwa ndani, nami nikamfuata nyuma. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chumbani, na Mama Debora katikati yao, ameegemea ukuta. Mama alipiga magoti akampa. Mama Debora aliigeuza, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akashika upindo wa khanga yake akaanza kupangusa sehemu ya kijivu, taratibu, akidhani ni vumbi la safari.

"Haitoki, mwenzangu," Mama akasema. "Mashine ili—"

"Ni mimi," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mashine haikuharibika. Nilifuta mimi, mwezi wa sita, nikajua, nikanyamaza. Ningesema siku ile angekuwa mzima."

Niliisikia sentensi hiyo baada ya kuisema, na nikatamani ardhi inimeze. Mama Debora hakuniangalia. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kijivu.

"Ulimpiga wewe mwenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mdomo wake hapa ulikuwaje?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba alikuwa ameubana, kwa sababu alikuwa anataka kucheka na nilimkataza. Nilimwambia picha ya paspoti haichekwi. Akajikaza mpaka mashavu yakaingia ndani na kishimo cha shavu la kushoto kikaonekana, na nilipobonyeza tu, kicheko kikamponyoka, lakini nilikuwa nimekwisha kupiga.

"Alikutii," alisema mama yake.

"Ndiyo, mama."

"Ungemwacha acheke."

Hapakuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililonivunja. Nililia pale pale, mbele ya watu wazima, kilio ambacho nilikuwa nimekizuia tangu alfajiri ya jana yake. Aliningoja nimalize. Halafu akaniita nikae karibu yake, na ulipofika wakati wa kutoa fremu nje, kwenye kimeza kilichotandikwa kitambaa cheupe mbele ya jeneza, alinishika mkono akanipeleka pale.

"Simama hapa," alisema. "Watauliza. Anayeuliza, mwambie ulivyoniambia mimi."

Nikasimama. Watu wa kanisani walipita, walimu walipita, na wenzetu wa darasani wakiwa kwenye sare. Ndugu walioshuka kutoka milimani waliinama karibu na picha, wakaguswa na macho yale, kisha wakaona kijivu wakanitazama. Niliwaambia mmoja mmoja. Hapa ni pua. Hapa mdomo, umebanwa, anazuia kicheko. Hapa kishimo cha shavu, cha kushoto. Wengine waliitikia kwa kichwa, na bibi mmoja aliweka kidole mahali nilipoonyesha, akakiacha pale kidogo.

Baba yake Debora alikuja wa mwisho. Alikuwa hajasema neno na mtu tangu hospitalini, ndivyo walivyosema. Alisimama, akatazama, hakuuliza, akaanza kuondoka kuelekea waliposimama wachukuzi wa jeneza. Nikadhani amenipita, na nikaona ni haki yake. Alipofika hatua ya tatu akarudi, mzee mrefu yule, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Niambie na mimi," alisema.